Kanisa linataka kuanza kusaidia wahitaji: yaliyotukuta sisi Magongo

Bwana asifiwe ndugu. Umeuliza kanisa lenu la watu kama 80 hapo Bamburi lianzeje misheni ya kusaidia wahitaji, na watu wajitoleeje bila ule moto kuzimika mwezi wa pili. Mi niko kamati ya misheni ya kanisa moja huku Magongo, hapa hapa Mombasa, mwaka wa sita sasa, wacha nikwambie kwanza vile tuliharibu manake hapo ndo utapata faida.

2022, kile kiangazi ambacho mvua ilikua imekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Mchungaji akatangaza, watu wakaitikia sana, nguo zikajaa stoo mpaka mlango haufungi. Tukakodi kenta, ile lori ndogo, tukashika barabara ya Nairobi, Mazeras, Mariakani, kufika Samburu, hii ya Kwale si ile ya kaskazini, tukakata kushoto tukaingia vumbi la kwenda Kinango. Kufungua magunia, mama mmoja akatoa kiatu chekundu cha kisigino kirefu, kimoja tu mwenzake hayupo, akakigeuza geuza, akacheka, akampa mtoto achezee. Na masweta mazito. Kinango jamani, na joto lile! Mzee wa kijiji akatushukuru kwa heshima zote alafu akamvuta mwenyekiti wetu pembeni, nami nko hapo nasikia, akasema, "Wanangu Mungu awabariki, lakini hizi nguo tutazifulia maji gani?"

Tulirudi Mombasa kimya, hata wale wa kwaya hawakuimba.

Kutoka siku hiyo hatubebi kitu kabla ya kumpigia yule mzee. Na tuliamua tutarudi kijiji kile kile, hatuzunguki Ganze leo kesho Tana River ndo tuonekane tunafika mbali. Safari ya pili tulipeleka bauza la maji na unga, beli 20, kila beli pakiti 12 za kilo mbili, na orodha ya nyumba alikua ameiandika mzee na kina mama wa pale wenyewe kwa hivyo hakuna aliyesukumana. Hapo ndo nikajua ugawaji si kazi yetu, wanaojua nani kalala njaa ni majirani.

Sasa kitu kinachoua huduma nyingi, na hakuna mtu anakisema kwa madhabahu, ni nauli. Watu wanatoa sadaka ya unga wakifurahi, lakini ukisema dizeli na dereva na taniboi, yule msaidizi wa dereva, wametukula 18,000 unaona nyuso zinabadilika, ati pesa ya Mungu imeenda kwa gari. Na vijana wa kujitolea ndo hao hawana kazi, mtu anatoka Likoni anapanda ferry, anapanda matatu mbili, anashinda juani bila chai, mara ya tatu hakuji tena alafu tunasema amepoa kiroho. Hajapoa, hana mia mbili! Siku hizi kwa kila safari tunatenga pesa ya gari na chakula cha waliojitolea kabla hatujanunua hata pakiti moja, na tunaisoma wazi jumapili pamoja na risiti. Pesa zinaingia namba ya kanisa, si simu ya mtu, hata mtu huyo awe mtakatifu vipi. Sisi tulishawahi kutumia namba ya mmoja wetu, nisiongee sana, urafiki ulivunjika.

Mkiwa hamna pesa kabisa anzeni na damu. Nchi hii wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa disemba damu inapungua, na ajali za barabarani ndo zinazidi. Ongeeni na watu wa benki ya damu waje baada ya ibada, mtu awe mzima wa afya, amefika kilo 50, wanaume wanarudia baada ya miezi mitatu, kina mama minne. Sisi mara ya kwanza walijitokeza 11, wazee wa kanisa wakasingizia presha wote hehe, mpaka mama mchungaji akaenda kulala kitandani wa kwanza.

Jambo lingine, msigawe chakula kwa masharti ya watu kukaa kusikiliza mahubiri. Kuna ndugu tulikosana kabisa juu ya hili, yeye anasema hapa ndo pwani yule mmisionari Krapf alipoanzia injili 1844 kwa hivyo tusione haya. Sioni haya. Lakini vijiji vile nusu ni Waislamu na mtu mwenye njaa hana uwezo wa kukwambia hapana, kwa hivyo ule ukaaji wake una maana gani? Anayetaka kuombewa anakuja mwenyewe, na wanakuja. Picha za watoto wakipokea unga pia tuliacha.

Mwezi uliopita yule mzee amepiga simu mwenyewe. Amesema mara hii tusilete unga, mvua imeonyesha dalili, tulete mbegu za pojo, kunde na mahindi ya Katumani, yale yanayokomaa haraka, na tuzifikishe kabla ya jumamosi ya pili. Mbegu tumeshapata, tunasaka kenta ya bei nafuu. Kama nyinyi hapo Bamburi mna mtu ana gari, njooni twende pamoja muone kwa macho.