Kabla ya Kuuvika Ukuta Mkongwe Wavu wa Nyuzi, Pima Mshikamano

Wenye nyumba kongwe hapa Tanga hunijia na cheti cha muuzaji kinachoonyesha kwamba wavu wa nyuzi za kaboni au za kioo, wa kuimarishia kuta, una nguvu kubwa mno, wakidhani kilichobaki ni kumwita fundi tu. Cheti hicho kinaeleza nyuzi zikivutwa zenyewe, ilhali ukutani zitakuwa ndani ya tabaka la mota lenye unene wa milimita 10 hivi, juu ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa ambayo huenda imekwisha nguvu. Mara nyingi kinachoachia kwanza si uzi.

Kwa hiyo jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la mshikamano: wavu hubandikwa kwa mota juu ya jiwe, kisha huvutwa hadi kitu kiachie. Tumia mawe ya nyumba hiyohiyo, yaliyokwisha kuanguka, uyasugue hadi vumbi na rangi ya zamani viishe, kisha uyaloweshe bila kuacha maji yatuame, kwani tumbawe kavu hunywa maji ya mota na kuiacha iwe unga upande wa ndani. Sehemu ya wavu iliyozama ndani ya mota isipungue urefu wa milimita 200. Mimi hufunika sampuli kwa magunia mabichi hadi zitimize siku 28, na katika kila mchanganyiko hutengeneza pia vipande vya mota vya milimita 40 × 40 × 160 vya kuvunja ili kupima nguvu ya mota yenyewe.

Siku ya kuvuta, usiandike namba ya mashine peke yake, tazama palipoachia. Tabaka likibanduka na ganda la jiwe, kikomo ni jiwe, na kununua wavu mzito zaidi ni kupoteza fedha. Mota ikibaki kwenye jiwe huku wavu ukichomoka taratibu, mota haikupenya vizuri katikati ya nyuzi, na hapo hutafuta mchanga ulio laini zaidi. Nyuzi zikikatika, zimefanya kazi yake yote.

Wengi huniuliza kuhusu katani, swali la haki kabisa katika mkoa unaolima mkonge tangu 1893, nami natamani kwa moyo wote ifae. Hata hivyo, ualkali wa saruji, na wa chokaa ambayo haijakomaa, hula nyuzi za mimea kama unavyokula kioo cha kawaida kisichotiwa zirkonia, kiungo kinachokikinga kioo dhidi ya ualkali. Sampuli za katani ziloweshwe na kukaushwa tena na tena kwa miezi kadhaa, ndipo zivutwe sambamba na nyingine zilizohifadhiwa pakavu. Kabla ya kuiona tofauti ya makundi hayo mawili, nisingekubali katani itegemewe katika ukuta unaobeba dari ya chumba wanamolala watu.