Jibu: Ujuzi ni wa mtu au ni wa jamii?
Waalaikum salaam ndugu. Umeuliza kama ujuzi ni akili ya mtu mwenyewe au ni jamii yake. Kwangu mimi, jamii ndiyo huamua kipi kifuatiliwe. Hapa Lamu mvuvi akijua tarehe ya mwezi, ashajua na maji: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua (maji hujaa na kupwa sana), katikati yake maji mafu (hujaa na kupwa kidogo). Hakuzihesabu kwa uvuvi. Tarehe hizo anazo kwa sababu ya funga na sikukuu. Ila mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua, haukwambii kusi, upepo wa kusini, itaanza lini. Ndipo wazee wakashika pia mwaka wa Nairuzi, yaani wa jua, siku 365, wakiuhesabu kwa makumi ya siku.

Na akili ya mtu peke yake haitoshi: Vasco da Gama, baharia Mreno (huyo hakukosa akili!), alipewa rubani Malindi mwaka 1498, akavuka hadi Bara Hindi chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakungoja kaskazi, upepo wa kumrudisha Afrika: karibu miezi mitatu baharini, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye.

Wewe uko bara, wakulima wa kwenu huijuaje mvua? Tutilie hapa.