Krismasi ya Kiangazi Nyuzilandi: Je, Mama Atapata Ibada?

SWALI: Mhariri, salamu na hongera kwa kazi. Kaka yangu anayeishi Auckland, Nyuzilandi, ametualika mimi na mama yetu tukale naye Krismasi mwaka huu. Alitueleza kwa simu kwamba siku hiyo watu wa huko hushinda ufukweni wakichoma nyama na kuogelea, na kwamba maduka hufungwa. Mama ni mtu wa kanisa, na tangu asikie hayo amekuwa akiniuliza kama nchi hiyo huisherehekea Krismasi kweli au hupumzika tu. Naomba unieleze sikukuu huwaje huko, na tutembelee wapi tukifika. – Binti wa mwisho

JIBU: Ndugu yangu, mfikishie mama shikamoo yangu, kisha umwambie kwamba ibada ambayo Wakristo wengi wa Nyuzilandi huihesabu kuwa mwanzo wa Injili nchini mwao ilifanyika siku ya Krismasi, tena ufukweni. Tarehe 25 Desemba 1814, siku iliyokuwa Jumapili, mmisionari Samuel Marsden alihubiri katika ghuba ndogo ya Oihi, eneo la Bay of Islands, kaskazini mwa nchi. Alifika chini ya ulinzi wa Ruatara, mkuu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambaye miaka kadhaa kabla ya hapo Marsden alimkuta mgonjwa ndani ya meli, akamhudumia na kumkaribisha nyumbani kwake Parramatta, Australia. Ruatara ndiye aliyezungushia uwanja uzio, akatengeneza mimbari kwa mtumbwi mkuukuu na kupanga mitumbwi mingine iwe viti, na baada ya mahubiri ndiye aliyewafasiria watu wake. Andiko la siku hiyo lilikuwa Luka 2:10, yaani habari njema ya furaha kuu. Kwa hiyo mama asidhani kwamba mchanga na bahari vimeiondoa Krismasi mahali pake, kwa maana huko vilikuwapo tangu mwanzo.

Desemba ni kiangazi upande ule wa dunia, na mchana mrefu kuliko wote mwakani huangukia siku chache tu kabla ya Krismasi. Mjini Auckland jua huzama yapata saa 2:40 usiku, na kusini kabisa, Invercargill, huchelewa kwa takribani saa nzima zaidi. Shule zimefungwa hadi mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na ofisi nyingi hazifunguki hadi mwaka mpya uanze, hivyo Krismasi imeungana na likizo kubwa ya familia. Hata hivyo, kadi na mapambo mengi bado huonyesha theluji, na nyimbo za kipupwe zilizokuja na walowezi wa Kiingereza huimbwa na watu waliovaa mikono mifupi. Mimi sioni ubaya wowote hapo. Wimbo mtu aliofundishwa na bibi yake hauachi kuwa wake kwa sababu ya hali ya hewa.

Nchi yenyewe, hata hivyo, ina pambo lake lisilohitaji kuletwa kutoka popote, nalo ni mti uitwao pohutukawa. Huota kwenye majabali na kingo za bahari, hasa nusu ya kaskazini ya Kisiwa cha Kaskazini, na mwezi wa Desemba hufunikwa na maua mekundu, ndiyo maana wenyeji huuita mti wa Krismasi wa Nyuzilandi. Mkiwa kwenye fukwe za Auckland kama Takapuna au Mission Bay, mwombe mama aokote ua moja na kulitazama kwa karibu: ule wekundu hautokani na petali pana bali na nyuzi nyingi nyembamba, kila moja ikiwa na chembe ya chavua ya manjano kwenye ncha. Nyuzi hizo hupukutika na kutandaza zulia jekundu mchangani, kwenye mabenchi, na hata kwenye sahani za waliokaa chini ya kivuli chake. Ndani ya nyumba, familia nyingi hupamba msonobari uliokatwa.

Kuhusu chakula, kaka yako hakukosea aliposema nyama ya kuchoma, ila mezani mtakuta pia paja la nguruwe lililookwa, kondoo, viazi vipya na matunda ya msimu. Kitindamlo cha sikukuu ni pavlova, kinachookwa kwa ute wa mayai uliopigwa na sukari hadi nje ukauke na ndani ubaki laini, kisha kikapakwa krimu na kupambwa kwa stroberi au kiwi. Jina limetokana na Anna Pavlova, mcheza dansi wa Kirusi aliyezuru mwaka 1926, na Waaustralia nao hudai kwamba chakula hicho ni chao. Mkialikwa na familia ya Kimaori, huenda mkabahatika kula hangi: mawe hupashwa moto sana na kuwekwa shimoni, juu yake vikapu vya nyama, viazi vitamu na maboga, vikafunikwa kwa nguo mbichi na udongo kwa saa kadhaa. Salamu yao ya sikukuu ni Meri Kirihimete.

Kwa ibada, Auckland ina kanisa kuu la Kianglikana la Holy Trinity huko Parnell na la Kikatoliki la St Patrick katikati ya jiji. Kaka aulize mapema saa za mkesha. Chagueni usiku mmoja kabla ya sikukuu mwende Barabara ya Franklin, karibu na Ponsonby, ambako wakazi wenyewe hupamba nyumba zao kwa taa, ila subirini giza liingie. Maandamano makubwa ya Santa katika Barabara ya Queen, yaliyoanza mwaka 1934, hufanyika wiki kadhaa kabla ya Krismasi, basi mkichelewa kufika mtayakosa.

Nunueni mahitaji kabla ya tarehe 25, kwa kuwa sheria huyataka maduka mengi yafungwe siku hiyo, isipokuwa machache kama vituo vya mafuta na maduka ya dawa. Baharini, ogeleeni kati ya bendera zenye rangi mbili, nyekundu na manjano, tu, penye waokoaji. Fukwe za magharibi kama Piha, zenye mchanga mweusi, zina mikondo inayowazidi nguvu hata waogeleaji hodari. Jua la huko ni kali kuliko joto lake linavyoonyesha, hivyo mama asiache kofia. Na ninakusihi sana: kama amefunga asali, nyama, matunda au mbegu za kumpelekea mwanawe, aviandike vyote kwenye fomu ya uwanja wa ndege, kwa sababu anayeficha, hata kwa kusahau, huweza kutozwa faini ya dola 400 za Nyuzilandi papo hapo.

Tarehe 26 nayo ni sikukuu, na barabara za kutoka Auckland hujaa magari ya watu waendao kwenye nyumba zao ndogo za likizo. Ngojeni msongamano upungue, kisha mmpeleke mama Oihi, mwendo wa takribani saa nne kwa gari, kupitia Kerikeri. Kutoka maegesho njia ya miguu huteremka hadi ufukweni, kwa hiyo wakati wa kurudi ni kupanda; mbebeeni maji na mpumzike naye njiani. Chini, karibu na maji, upo msalaba wa mawe uliosimikwa mwaka 1907 kukumbuka mahubiri yale. Akienda na Biblia yake, ataweza kuisoma Luka 2 palepale.