Pikipiki ya zamani: iwake kwanza, urembo baadaye

Pikipiki nyingi za zamani zinazonunuliwa ili zifufuliwe hufia kwenye maboksi, wala si kwa ubovu wa injini. Mwenyewe huifungua yote wikiendi ya kwanza, marafiki wamejaa na kila mtu ana spana mkononi. Miezi inapita, bolti zinachanganyika, hamu inapoa, na mwisho inauzwa vipandevipande kwa tangazo la "kila kitu kipo". Kila kitu huwa hakipo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usifungue kitu ambacho hujui kwa nini unakifungua. Hakikisha kwanza inawaka, kisha inasimama, kisha ndipo uanze kuota rangi na siti mpya. Pikipiki inayowaka, hata ikiwa mbaya kama nini, huwaita marafiki warudi wikiendi inayofuata. Fremu tupu iliyoegemezwa ukutani haimwiti mtu.

Hata kabla ya kununua, safisha namba ya fremu na ya injini kwa brashi na uzilinganishe na kadi ya pikipiki. Zisipolingana, au ikiwa moja imekwaruzwa, achana nayo. Hakuna fundi wa tatizo hilo.

Ikifika nyumbani, zuia miguu ya marafiki isiguse kiki. Injini iliyolala miaka ina silinda kavu na huenda ringi za pistoni zimeshikwa na kutu. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, acha inywe usiku kucha, kisha izungushe polepole plagi ikiwa bado nje. Ikikataa, ongeza oili na subira. Anayeirukia kiki kwa uzito wake wote anavunja kitu ambacho kingeachia chenyewe.

Injini inataka mambo matatu: mgandamizo, cheche, na petroli iliyochanganyika na hewa. Mgandamizo upime kwa kidole kwenye tundu la plagi. Mtu akipiga kiki, kidole kinapaswa kusukumwa kwa nguvu. Ukipata geji ni bora zaidi, ila zungusha ekseleta hadi mwisho unapopima, la sivyo itasoma chini. Kwa cheche, rudisha plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na lile tundu, kisha piga kiki kivulini. Kama pikipiki ni ya platini, yaani vile vidude viwili vinavyoachana na kugusana ili kutoa cheche, zisafishe na uangalie nafasi kati yake. Nyingi hutaka milimita 0.3 hadi 0.4. Petroli ndiyo inayosumbua kuliko yote. Ikikaa muda mrefu hugeuka gundi na kuziba matundu madogo ya kabureta, yale ambayo ukiyaelekeza kwenye mwanga unapaswa kuona upande wa pili. Yazibue kwa dawa ya kabureta, hewa ya pampu au uzi wa nailoni. Waya wa chuma hukwangua shaba, tundu linapanuka, na kuanzia hapo pikipiki inakunywa petroli bila sababu.

Kwa jaribio la kwanza usitumie tangi lake. Ning'iniza chupa ndogo ya petroli safi juu ya kabureta, na mmoja wenu akae na kizima moto. Ikiwaka kwa sekunde kumi tu, umeshajua zaidi ya ambacho ungekijua kwa kuifungua yote.

Tangi lenyewe lisafishwe kwa siki au asidi ya sitriki katika maji ya uvuguvugu. Toa koki, ziba tundu lake, tia nati kadhaa au kipande cha cheni, tikisa, acha lilale, tikisa tena. (Hesabu nati unazotia.) Kisha suuza kwa maji yenye magadi, likaushe haraka, na uzungushe oili kidogo ndani, kwa sababu chuma kilichovuliwa kutu hushika kutu mpya ndani ya saa chache. Weka filta kwenye mpira wa petroli hata kama mtengenezaji hakuiweka.

Sasa marafiki. Msaada wao ni baraka na ni vurugu pia, na tofauti iko kwenye namna unavyougawa. Kila mtu apewe kazi inayokwisha siku hiyohiyo: wewe gurudumu la nyuma, wewe taa, wewe kabureta. Anayefungua ndiye anayefunga. Kazi ya mtu ikirithiwa na mwingine, daima kuna washa moja, kile kipete cha bolti, inayobaki mezani na hakuna anayeijua. Mmoja asishike spana kabisa: apige picha kabla ya kila kitu kutoka, na atie bolti kwenye mifuko yenye maandishi. Kazi hiyo wanaidharau, lakini bila yeye hamfungi chochote. Rafiki anayejua kusoma mchoro wa nyaya mtunze kama yai, naye mwite siku ambayo hakuna kelele. Yule mwenye nguvu anayependa nyundo mpe brashi ya waya na fremu yenye kutu. Ataifurahia na haitamshinda.

Na uamuzi uwe wa mwenye pikipiki. Watu watano wenye ladha tano hutoa pikipiki yenye usukani wa mbio, siti ya kitanda na matairi ya porini.

Kuna jambo la skrubu ambalo wengi hawaambiwi. Skrubu za nyota kwenye pikipiki za zamani za Japani zimekatwa kwa kiwango chao cha JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri ndani yake, hivyo hupanda juu na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS, au ile ya kugongwa kwa nyundo inayozunguka yenyewe. Bolti iliyoganda kwenye aluminiamu ipulizie mafuta ya kupenya, kisha pasha moto aluminiamu inayoizunguka, kwa kuwa hutanuka kuliko chuma. Legeza kidogo, kaza kidogo, legeza tena. Hesi zikikatika ndani ya injini, kazi ya dakika tano imekuwa ya siku mbili.

Kwenye breki sina mzaha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yaliyomo yamwagwe yote. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ndugu. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Hizo ndugu tatu zikidondokea rangi zinaichubua. Vumbi la breki za dramu za zamani usilipulize, kwani huenda lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Lilowanishe na ulifute. Tairi nalo lina tarehe yake ubavuni: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na lisikuvutie hata kama vijino vyake ni vipya.

Umeme wa zamani mara nyingi haujafa, umepoteza ethi, yaani njia ya kurudi kwenye betri kupitia fremu. Kwangua rangi na kutu pale waya wa ethi unapofungwa kwenye fremu kabla ya kulaumu kifaa chochote. Betri ya volti 12 ya asidi ikijaa husoma karibu 12.6, injini ikizunguka kwa kasi inapaswa kupanda hadi 14 na ushei. Pikipiki nyingine za zamani ni za volti 6, kwa hiyo soma kabla hujafunga taa mpya.

Baada ya hapo ndipo ubunifu, na ungoje uiendeshe kwanza ilivyo ili ujue inakukera wapi. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, waliokutana sehemu kama Ace Cafe ya London, walivua vyuma kwenye pikipiki zao kwa sababu walitaka kasi. Wa leo huvua madigadi ya nyuma kwa sababu ya picha, kisha mvua ikinyesha mgongo wote ni matope. Filta ndogo za wazi nazo hupendeza, lakini hubadilisha hewa inayoingia, na ukizifunga lazima uirekebishe kabureta upya. Shokomzoba fupi hubadilisha namna pikipiki inavyokata kona. Usukani ukiwa wa chini, ugeuze kushoto na kulia hadi mwisho na uone kama unagonga tangi au kuvuta kebo.

Kuchomelea kote kufanyike kabla ya rangi, betri ikiwa imetolewa. Usichomelee chuma kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini, maana moto huigeuza kuwa gesi ya sumu iitwayo fosijini. Tangi lililowahi kutiwa petroli liachie fundi mwenye uzoefu nalo, hata kama linaonekana kavu. Kisha funga pikipiki yote bila rangi, kila tundu na kila bano, uone inakaa sawa. Ndipo uivue tena na kupaka. Rangi nyingi za kuchanganya na kikaushio zina aisosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake.

Safari za kwanza ziwe fupi, karibu na nyumbani. Ukirudi, kaza tena bolti za ekzosi, za injini na za magurudumu, maana mtetemo utakuwa umelegeza baadhi, kisha angalia ulegevu wa cheni. Oili ya kwanza imwage mapema, uichuje kwenye kitambaa cheupe. Unga mwembamba unaong'aa usikutishe sana. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, usiiwashe tena mpaka ujue vimetoka wapi.