Kutawadha alfajiri kwa anayesikia baridi kwa sababu ya dawa za kifafa

SWALI: Asalaam aleikum, Shehe. Mimi ni kijana wa Kadutu, hapa Bukavu. Nina kifafa, na tangu daktari aniandikie valproati sijaanguka tena, alhamdulillahi. Lakini baridi hainiachi. Hata mchana, wenzangu wakiwa na mashati, mimi niko na koti na kofia ya sufu. Alfajiri maji ya bidoni yananifanya nitetemeke sala nzima, basi nimekuwa nikitayamamu, yaani kupaka udongo safi usoni na mikononi badala ya maji. Wazee wa msikitini wananiambia nijikaze, eti kutawadha kwa taabu kunafuta madhambi. Mmoja anasema baridi hii ni jini. Je, sala zangu zinasihi? Na naweza kuiacha dawa kwanza nione kama baridi itatoka?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Naanza na la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuua. Dawa usiiache. Mwenye kifafa akikata dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kurudiwa na fahamu, na wapo waliokufa hivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliambiwa na mabedui, "Je, tujitibu?" akawaamuru wajitibu. Najua wako watakaokutajia yule mama aliyemlalamikia Mtume kifafa chake, akaambiwa akisubiri atapata Pepo. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini alichopewa kuchagua ni subira au kuombewa dua apone. Hapana mahali alipokatazwa dawa. Tena tazama: hakuna aliyemwaibisha.

Kuhusu jini sitasema mengi. Soma Ayatul Kursiy, soma Muawwidhat (sura za kuomba kinga), hilo ni jema kwa kila Mwislamu. Lakini valproati inajulikana kwa madaktari kuwa inaweza kushusha joto la mwili, hasa ikichanganywa na dawa nyingine ya kifafa iitwayo topiramati. Upungufu wa damu nao huleta baridi, na tezi ya shingo ikilegea vilevile. Kwa hiyo rudi kwa daktari, umweleze kama ulivyonieleza, akupime joto na damu. Joto likiwa chini ya nyuzi 35, au ukianza kusinzia ovyo, kutapika na kuchanganyikiwa, usingoje siku ya miadi, nenda hapohapo.

Sasa maji. Wazee wako hawakutunga: hadithi ya kutimiza udhu wakati wa taabu ipo kwa Muslim. Ila taabu ni kitu kimoja na madhara ni kingine. Katika vita vya Dhat as-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, Amr bin al-As aliamka na janaba, hali inayompasa mtu kuoga, usiku wa baridi kali. Akahofia kuoga kutamwua, akatayamamu akaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume akataja aya isemayo msijiue nafsi zenu (Nisaa, 29). Mtume akacheka, wala hakumwambia neno. Na mtu mwingine aliyejeruhiwa kichwani, wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga akafa. Mtume aliwakasirikia sana, akasema wamemuua. Natamani hadithi hii isomwe msikitini kwenu kabla ya ile ya kujikaza.

Lakini ruhusa ya Amr haikufikii wewe moja kwa moja. Yeye alikuwa safarini. Wewe uko mjini, na maji yanaweza kupashwa moto. Hapo tayamamu haijuzu bado. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, haukungoji, najua, na kuwasha makala saa kumi usiku ni shida na gharama. Basi pasha maji jioni wakati wa kupika, uyatie kwenye termosi. Udhu hauhitaji maji mengi: faradhi ni kuosha kila kiungo mara moja, mara tatu ni sunna. Jikaushe mara moja. Ukiwa na khufu (soksi za ngozi) ulizozivaa ukiwa na udhu, utapaka juu yake badala ya kuosha miguu, mchana na usiku mmoja kwa mkazi.

Daktari mwaminifu akikuambia maji, hata ya vuguvugu, yanakudhuru, au siku fulani huna namna yoyote ya kuyapasha na unahofia madhara, tayamamu ni haki yako, bila haya.

Koti swali nalo, hata na glavu. Kofia tu isishuke ikafunika paji la uso, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafi lazima paji liguse mahali pa kusujudia. Na usijifunge shali mdomoni ndani ya sala, ni makuruhu, yaani haipendezi.

Jambo moja la pembeni: kukosa usingizi huamsha kifafa. Usikeshe kwa ibada za sunna ukaja kuanguka. Lala mapema, faradhi ya alfajiri inakutosha.

Sala zilizopita: kama ulitayamamu hali maji ungeweza kuyapasha, zirudie, polepole kadiri uwezavyo. Na hata zile ambazo hukuwa na njia, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba aliyetayamamu kwa sababu ya baridi analipa, ingawa wanazuoni wengine hawamlazimishi. Mimi nakushauri ulipe hizo chache uwe na utulivu wa moyo, lakini ukizidiwa, shika kauli ya hao wengine na sitakulaumu.

Wallahu aalam.