Barua kwa mwanangu: ndiyo, nilijua

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la juzi nimelala nalo siku tatu. Uliniuliza kwenye simu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa: "Mama, ile siku ya San Jose, ulijua kwamba sitaki tena kuteleza kwenye barafu? Na kama ulijua, mbona hukusema kitu?" Nikakujibu kwamba nina chungu jikoni kinaungua. Hapakuwa na chungu. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu nitalia, na wewe utaanza kunibembeleza, na safari hii si zamu yako kunibembeleza.

Nilijua.

Wala si siku ile tu. Nilijua tangu Oktoba, kabla hata ya mashindano ya kanda. Zamani nikikushusha pale uwanja wa barafu saa kumi na moja alfajiri, ulikuwa unafungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa, na mimi nakugombeza. Ile Oktoba ukaanza kukaa. Gari limezimwa, baridi ya Minnesota inapenya hadi kwenye mifupa, na wewe umevuta mikono yako ndani ya koti unaangalia mbele. Dakika mbili, tatu. Halafu unashusha pumzi, unachukua begi, unakwenda bila kugeuka. Nilikuwa natoka zamu ya usiku kule kwenye nyumba ya wazee, usingizi umenijaa machoni. Nikajiambia, kachoka tu, kama mimi.

Sasa umekuwa mtu mzima, una miaka 23 na una kodi yako ya nyumba, kwa hiyo naweza kukueleza hesabu iliyokuwa kichwani mwangu. Barafu tulilipia kwa saa. Kocha alilipwa kwa dakika alizosimama nawe. Viatu vinauzwa peke yake na visu vyake vya kutelezea peke yake, na mguu wako ule mwaka haukukubali kusimama kukua. Kadi mbili za benki zilikuwa zimejaa, na baba yako alikuwa akiendesha lori mpaka Jumapili. Halafu ukaingia wanne bora wa kanda, na tulijua wote kwamba ni wanne tu kwa kila kanda, kanda tatu nchi nzima, wanaokwenda taifa. Watanzania wa hapa wakatuchangia nauli na hoteli. Kuna mama mmoja alileta dola 20 mlangoni, na mimi nilijua kazitoa wapi. Bibi yako Tanga akatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wake anakwenda kucheza mashindano ya Marekani nzima juu ya barafu, na kila nikipiga simu ananiuliza, "Na hiyo barafu haimvunji mguu mtoto?"

Wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kusema hutaki. Lakini ningekuuliza, ungenijibu. Na jibu lako nilikuwa sina pa kuliweka. Ningewaambia nini waliochanga? Hiyo ndiyo sababu, mwanangu, na haina mapambo. Niliona aibu ya watu kuwa kubwa kuliko uso wako ndani ya gari.

Na kuna mzigo mwingine niliokubebesha kwa mapenzi tupu. Ile picha ya Debi Thomas niliyoibandika kwenye mlango wa friji, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa wakubwa wa Marekani, mwaka 1986. Ulikuwa na miaka saba nilipoibandika. Nilikusimulia pia habari za Mabel Fairbanks, aliyefungiwa milango ya viwanja vya barafu New York miaka ya 1930 kwa rangi yake, akaishia kuwa kocha wa wengine. Nilitaka ujue kwamba barafu ni ya kwako pia. Sikufikiria kwamba mtoto akila uji kila asubuhi mbele ya picha ile, siku moja ataona kwamba akiacha, anawaangusha wote hao.

Unakumbuka taiti? Zile walizoziita "rangi ya mwili" hazikuwa rangi ya mwili wako. Usiku wa kabla ya safari nilichemsha sufuria ya chai ya rangi, majani mengi, chumvi kijiko kimoja, nikazizamisha. Ulikuja jikoni ukaweka mkono wako juu ya sufuria, karibu na mvuke, tukalinganisha. "Bado kidogo, mama." Nikaongeza majani. Mara ya tatu ukasema, "Hapo." Tukazianika bafuni. Ulikuwa unacheka usiku ule, na mimi nikaushika ule mcheko kama ushahidi kwamba nimekosea, kwamba uko sawa.

Asubuhi ya programu ndefu, ile ya kuteleza mara ya mwisho, pale San Jose kwenye mashindano ya taifa, siku zile za kuingia mwaka 2018, ulikaa kwenye kitanda cha hoteli ukisuka nywele, ukazifumua, ukasuka tena. Ukaniambia, "Mama, tumbo linaniuma." Mimi mwuguzi msaidizi, ninayeketi kila siku na wazee kuwauliza maswali ya tumbo, niliwauliza wote, isipokuwa wewe. Wewe nilikwambia, "Ni woga tu. Maji ukishayavulia nguo, sharti uyaoge." Uliinamisha kichwa ukamalizia kusuka. Sijalitumia tena lile neno kwa mtoto wa mtu yeyote.

Dakika tatu na nusu zile nazikumbuka vipande vipande. Axel ya kwanza ulikwenda chini. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ni mruko pekee unaoingiwa kwa kutazama mbele, ndiyo maana Axel ya mara mbili ina mizunguko miwili na nusu, na ile nusu ndiyo inayoua watu. Nilisikia paja likipiga barafu kabla macho hayajaelewa. Ukainuka. Chembechembe nyeupe zilikugandia pajani, juu ya ile rangi ya chai, na muda wote uliobaki sikuangalia kitu kingine, niliangalia weupe ule ukiyeyuka na kuacha doa la maji. Kocha wako alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Kuelekea mwisho ilikuwepo Axel ya pili. Ungeweza kuruka ya mzunguko mmoja na nusu ukamaliza salama, hakuna ambaye angekulaumu. Kabla ya kuingia, uligeuza uso ukaangalia upande wetu. Halafu ukaruka, ukatua kwa mguu mmoja, mgongo umenyooka.

Na mimi nilifanya nini ulipotoka? Nilikukuta kwenye korido, bado una vifuniko vya visu miguuni, nikakukumbatia nikasema, "Mungu akipenda, mwakani." Ulikuwa umemaliza karibu na mkia, una michubuko, una miaka 15, na neno la kwanza kutoka kwa mama yako lilikuwa mwakani. Nililisikia likitoka. Nikaona mabega yako yakishuka.

Taji la vijana mwaka ule alilichukua Alysa Liu, mtoto wa miaka 12. Mwaka uliofuata, Detroit, akawa bingwa wa wakubwa na miaka 13. Sikuwahi kukulinganisha naye kwa mdomo, ila moyoni nilikulinganisha, na mtoto husikia mambo ya moyoni. Wewe ulikuwa umeshaacha, ulimwambia baba yako kwanza, na mimi nikanuna wiki mbili. Halafu mwaka 2022 nikasoma kwamba yule binti naye, na miaka 16, amesema inatosha, anataka kuishi. Nilikaa chini na simu mkononi. Yule aliyeshinda kila kitu alitaka kile kile ulichokitaka wewe uliyekuwa karibu na mkia. Basi haikuwa kushindwa. Ningekuwa mama mwenye akili ningekupigia siku ile ile. Sikupiga.

Alirudi mwenyewe mwaka 2024, na Machi 2025, Boston, akawa bingwa wa dunia, Mmarekani wa kwanza kwa wanawake tangu 2006. Usidhani nakwambia hivi ili na wewe urudi. Miguu ni yako.

Kuna jambo jingine. Tarehe 29 Januari 2025, ile ndege iliyotoka Wichita ikagongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, Washington. Watu 67 wakafa. Kati yao walikuwemo watoto wanaoteleza, makocha na wazazi, waliokuwa wamebaki Wichita kwa kambi ya mazoezi baada ya mashindano ya taifa. Usiku ule nilikupigia mara nne, ulipopokea nikakuuliza umekula nini. Ulisema wali na samaki. Nikasema vizuri, nikakata. Nilikuwa nawaza wale akina mama kwenye viti vyao, wenzangu wa saa kumi na moja alfajiri, pengine mmoja wao alikuwa na neno la kumwambia mwanawe akifika nyumbani. Mimi wa kwangu alifika nyumbani kutoka San Jose, nikakaa na neno langu miaka yote hii.

Neno lenyewe ni hili: ile asubuhi, tumbo lilipokuuma, ilikuwa niketi kando yako nikuulize. Nisamehe. Ile nauli, waliochanga, bibi yako, vyote hivyo vilikuwa vya kwangu kuvibeba, na mimi ndiye mkubwa.

Sasa na mimi nina swali, nimelihifadhi muda mrefu kuliko lako. Kabla ya ile Axel ya pili, ulipogeuza uso upande wetu, ulikuwa unatafuta nini?

Nipigie Jumapili baada ya saa nane, nitakuwa nimetoka kazini.

Mama yako