Simu imegoma kuwaka? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja ya ugonjwa mmoja, simu haiwaki au inawaka nusu inarudi, nimeyaweka pamoja. Na jamani kabla hujamruhusu mtu aguse kitu, jiulize ndani ya hiyo simu kuna nini ambacho hakipo popote pengine.

Tecno yangu tangu juzi inaishia kwenye logo, inazima, inarudi kwenye logo, hivyo hivyo kutwa. Fundi anasema dawa ni kuflashi tu. Kweli? – Dada, Morogoro

Dada yangu, kuflashi ni kuweka mfumo wa simu upya kwa kompyuta, usikubali leo. Anza na vya bure kwanza. Vua kava, angalia batani ya kuwashia kama imezama au inang'ang'ania, maana batani iliyokwama simu inajiona inabonyezwa muda wote, inawaka inazima inawaka inazima, nimekutana nazo nyingi sana hizo na mswaki mkavu na spiriti kidogo pembeni ya batani vimezimaliza kabisa. Toa laini na memori kadi, memori kadi iliyokufa inaweza kuigandisha simu wakati inahangaika kuisoma. Halafu ichaji kwa chaja nzuri nusu saa bila kuigusa. Ikiwa inawaka vizuri ikiwa kwenye chaji na ukichomoa tu inakata, hapo betri imechoka, inafika kwenye logo umeme hautoshi, na kuflashi hakusaidii betri hata kidogo.

Ikikataa bado, ingia kwenye menyu ya rikavari, ile ya matengenezo inayofunguka kabla simu haijawaka. Simu ikiwa imezima kabisa shika batani ya kuwashia na ya kuongeza sauti kwa pamoja mpaka logo itokee ndo uachie. Kikija kiroboti kimelala na maneno "No command" usiogope, shika ya kuwashia, gusa ya kuongeza sauti mara moja, menyu inafunguka. (Wenye Samsung za miaka ya karibuni, nyingi haziingii huko mpaka ichomekwe waya kwenye kompyuta, watu wanabonyeza mpaka vidole vinauma kumbe ni waya tu.) Jaribu kwanza "Reboot system now". Ikishindikana chagua "Wipe cache partition" kama ipo, simu mpya nyingi hawaweki tena, hiyo haigusi picha wala meseji. Ila mstari wa "Wipe data/factory reset" usiuguse, huo unafuta kila kitu.

Na hata ikifika kwenye kuflashi, kuna kuflashi na kuflashi. Kwenye Samsung fundi ana faili mbili mkononi, CSC inayosafisha simu yote na HOME_CSC inayojaribu kuacha vitu vyako, tofauti ni neno moja tu hilo. Kwenye Tecno, Infinix na Itel zenye chipu ya MediaTek akichagua "Format All" badala ya "Download Only" anaweza kufuta mpaka IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, simu inawaka safi lakini haishiki mtandao. Na Watanzania tunakumbuka Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano TCRA ilivyozima simu feki, IMEI si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo muulize fundi wako wazi, unaflashi kwa njia ipi, data zangu zinabaki? Akikasirika kwa kuulizwa, chukua simu yako.

Nasema hivi kwa sababu nilipoanza kazi nilimpokea mama mmoja mtunza hazina wa kikoba, simu imestaki kwenye logo, nikaflashi nikamrudishia inawaka, nina furaha. Akafungua akaanza kutafuta noti zake. Hesabu zote za kikoba, nani kakopa, nani karejesha, zilikuwa humo tu. Sikumuuliza. Toka siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja si tatizo nini, ni ndani kuna nini.

iPhone 11 ilikuwa imejaa mpaka haipigi picha, nikaizima ipumzike, sasa haivuki tufaha. Picha za mwanangu zote zimo. – Baba, Dodoma

Pole baba. iPhone iliyojaa pomoni inakosa hata nafasi ya kufanyia kazi zake za kuwaka, ndo maana imeganda hapo. Anza hivi, gusa kuongeza sauti uachie, gusa kupunguza sauti uachie, kisha shika batani ya pembeni, usiachie mpaka tufaha lije upya. Hii inafanya kazi iPhone 8 kuja juu. Mwenye iPhone 7 anashika kuwashia na kupunguza sauti pamoja, 6s kurudi nyuma ni kuwashia na batani ya chini ya kioo.

Ikigoma nenda kwenye kompyuta, chomeka waya, rudia hayo hayo lakini tufaha likija ENDELEA kushika mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakupa chaguo mbili, "Update" na "Restore". Baba, chagua Update. Hiyo inaweka mfumo upya bila kufuta picha, Restore inafuta zote na kama hukuwa na bakapu ya iCloud ndo basi. Sasa kuna kitu kinawachanganya watu wengi wenye intaneti ya pole pole, lile faili ni GB kadhaa, na likizidi dakika 15 kushuka simu inatoka yenyewe kwenye ile picha ya waya. Mtu anadhani imekataa, kwa hasira anabonyeza Restore. Usifanye hivyo, acha faili limalize kushuka hata kama ni saa mbili, halafu rudisha simu kwenye ile picha na ubonyeze Update tena. Tafuta sehemu yenye waifai, bando la simu litakuumiza. Na Update nayo ikifeli, isitishe hapo umpelekee fundi wa bodi, yaani saketi kuu ya ndani, ikiwa hivyo hivyo.

Simu ilikaa kabatini miezi kama sita, sasa hata taa haiwashi. Imekufa? – Mdogo wako, Tanga

Sidhani mdogo wangu. Betri ikilala muda mrefu inashuka mpaka simu haina nguvu hata ya kuonyesha alama ya chaji, iweke kwenye chaja saa nzima uiache kabla hujaanza kubonyeza bonyeza. Badilisha waya na kichwa cha chaja. Mulika tochi kwenye sistimu chaji, pale unapochomeka waya, vumbi la mfukoni linajishindilia mle mpaka waya haufiki mwisho, toa kwa kijiti cha meno, si pini ya chuma. Ila ukiona mgongo umevimba au kioo kimeinuka, usichaji kabisa na usiikandamize irudi, hiyo betri inaweza kushika moto, peleka ikatolewe.

Pia ipigie. Ikiita au ikitetema na kioo kiko giza, simu ni nzima, kilichokufa ni kioo.

Ilianguka baharini Nungwi, nimeiweka kwenye mchele siku tatu, haiwaki. – Kaka, Zanzibar

Kaka mchele hautoi chumvi. Maji ya bahari yanakula bodi kila saa inayopita, na kila ukijaribu kuiwasha unaiunguza zaidi. Usiichaji. Ipeleke leo ifunguliwe, betri ichomolewe, bodi ioshwe kwa spiriti safi. Siku tatu ni nyingi, lakini nimeona zilizorudi.

Nimeflashi mara tatu, inakaa siku mbili inarudi kujizima na kujiwasha, ikipata moto ndo kabisa. – Fundi mwenzako, Mwanza

Mwenzangu acha kuflashi. Inayorudi kila mara na inayochagua joto ni bodi, risasi ya kulehemu imelegea chini ya chipu. Hili si la simu za bei rahisi peke yake, LG G4 ya 2015 ilitesa watu hivi hivi dunia nzima, na Januari 2016 LG wenyewe wakakiri ni vifaa vya ndani kushikana vibaya. Mwambie mteja ukweli. Ikibahatika kuwaka hata dakika kumi zitumie kuhamisha picha na namba, kwa sababu simu za sasa data zake zimefungwa kwa ufunguo uliomo kwenye bodi ile ile, huwezi kuchomoa chipu ya kuhifadhia ukaisomea kwingine. Bodi ikifa, picha nazo zimeenda.

Nimerisiti (reset, kufuta vyote ianze upya) simu niliyonunua mkononi mwa mtu, imewaka lakini inadai Gmail siijui. – Dada, Mombasa

Hiyo si mbovu dada. Ni ulinzi wa Android tangu toleo la 5.1 mwaka 2015, simu ikirisitiwa kupitia rikavari inamtaka mwenyewe wa zamani. Mpigie aliyekuuzia aingize akaunti yake mbele yako, aitoe kwenye setingi, ndo urisiti tena. Akizima simu yake, kama una risiti ya kununulia na IMEI nenda polisi. Wanaokuambia tupe elfu mbili tutaifungua, kumbuka hiyo simu inawezekana ni ya mtu aliyeporwa.